Sanduku la Bibi: Mwongozo Kamili wa Kutunza Barua na Vitu vya Ukoo Nyanda za Juu Kusini

Baba mdogo hakuwa na nia mbaya. Bibi alipofariki tulikuta ndani ya sanduku lake la bati barua kumi na tisa alizoandikiwa na babu kutoka Kitwe, Zambia ya leo, enzi vijana wa Rungwe walipokuwa wakivuka mpaka kwenda kuchimba shaba. Baba mdogo akachagua iliyo nzuri kuliko zote, akashuka nayo Tukuyu mjini, akaitia leminesheni. Ilikuwa Aprili, mwezi ambao kwetu hata chumvi huloa ndani ya kopo. Karatasi ilikuwa imenyonya unyevu, plastiki ikaufungia humo humo, na mwaka wa pili madoa ya kahawia yakaanza kutambaa katikati ya maandishi. Unayaona, lakini huwezi kuyafikia. Zile kumi na nane zilizobaki sandukuni, ambazo mende walizitafuna pembeni, hadi leo zinasomeka.

Tangu hapo nimesaidia kufungua masanduku ya ndugu na majirani, kuanzia Kyela hadi Mafinga, na nimeona jambo lile lile likijirudia. Mchwa na mvua wana lao, lakini barua nyingi zinamalizwa na mtu wa nyumbani anayezipenda, akiwa na gundi mkononi. Ndiyo maana humu utakuta "usifanye" nyingi kuliko "fanya". Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Inahitaji meza safi, siku mbili tatu za utulivu, na moyo wa kuacha kitu kilivyo.

Kwanza, ngoja kiangazi

Kiswahili kina neno moja, ukungu, kwa ule unaofunika Mlima Rungwe asubuhi na kwa ule unaoota kwenye karatasi, na huku kwetu hawa wawili ni ndugu wa damu. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 hivi na kukaa hapo kwa siku kadhaa, mbegu za ukungu, ambazo zipo kila mahali, zinaamka. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo masanduku yafunguliwe kati ya Agosti na Oktoba. Mbeya mjini unaweza kuanza Juni. Njombe na Makete pia pakavu miezi hiyo, ila kuna baridi: usiku bati la sanduku linapoa haraka, na unyevu uliomo ndani unageuka matone chini ya kifuniko. Asubuhi unakuta sanduku limetoka jasho wakati hakuna tone la mvua lililonyesha. Iringa na Isimani adui ni vumbi. Fanya kazi asubuhi kabla upepo haujaanza, na ufunge dirisha linaloukabili.

Kama umegundua maji yameingia sasa hivi, usingoje msimu wowote. Ruka hadi sehemu ya karatasi zilizoloa.

Kikao kabla ya kufungua

Vitu vya ukoo ni vya watu wengi hata kama sanduku liko chumbani kwako. Waite shangazi, baba wadogo, na yeyote aliyebaki katika rika la marehemu. Kuna sababu ya heshima, na kuna sababu ya kazi: mzee akiona kitu kinapotoka sandukuni kwa mara ya kwanza ndipo maneno yanapomtoka. Washa simu irekodi sauti, uiweke mezani, uisahau. Ukimrudia baada ya wiki na orodha ya maswali, atakujibu kwa kifupi.

Kubalianeni mapema kuhusu barua za siri. Zitakuwepo. Madeni, ugomvi wa shamba, mtoto wa nje ya ndoa. Sisi tuliamua hivi: barua ya namna hiyo haichomwi wala haisomwi mbele ya watu. Inaingia kwenye bahasha yake, inafungwa, na juu yake panaandikwa mwaka wa kufunguliwa. Mkimwachia mtu mmoja aamue usiku peke yake, ataichoma.

Kisha, kabla hujagusa chochote, piga picha. Sanduku limefungwa, sanduku limefunguliwa, kila tabaka unavyoliondoa. Mpangilio nao ni habari. Barua zilizofungwa pamoja kwa utepe wa kitambaa zilifungwa na mtu kwa sababu yake. Ukizichanganya na nyingine, sababu hiyo imepotea. Zipe namba kwa mpangilio ulivyozikuta, 1, 2, 3, kwenye daftari. Usizipange kwa mwaka bado.

Wapi pasiwekwe

Sehemu tatu ndizo ninazokuta vitu vya ukoo mara nyingi, na zote ni mbaya. Ya kwanza ni darini juu ya jiko. Wazee hawakukosea kabisa, maana moshi unafukuza wadudu, kama ule wa kichanja cha mahindi. Lakini moshi huo huo unaacha masizi na tindikali, na baada ya miaka karatasi inakuwa ya kahawia na inavunjika kama dagaa wakavu. Ya pili ni uvunguni mwa kitanda, sanduku likiwa limegusa sakafu ya udongo au ukuta: mchwa wanapandisha njia zao za udongo kwa nyuma, mahali ambapo ufagio haufiki. Ya tatu ni ukutani, kwenye fremu iliyotundikwa ikitazamana na dirisha. Mwanga hauna huruma, na ulichofifisha haurudishi.

Pahali pazuri ni chumba cha katikati ya nyumba, kisicho na ukuta unaopigwa na mvua, kwenye rafu au juu ya matofali, pakiwa na nafasi ya kiganja kati ya sanduku na ukuta. Chumba cha kulala kinafaa. Stoo ya mbolea na mbegu haifai, hata kidogo.

Wadudu

Kung'uta kila kitu juu ya shuka jeupe, nje, kivulini. Unatafuta unga mpya wa mbao, vinyesi vidogo kama pilipili manga iliyosagwa, maganda ya mayai ya mende, na kile kidudu cha kijivu kinachong'aa kama kisamaki, kinachokimbia ukifungua kitabu cha zamani. Hicho hupenda wanga na gundi, ndiyo maana kinaanzia kwenye mgongo wa kitabu na kwenye mdomo wa bahasha.

Usipulize dawa ya mbu juu ya karatasi. Inaacha mafuta na madoa. Vidonge vya nondo navyo visiguse karatasi wala picha. Harufu yake haitoki, inaumiza anayesoma, na vinaweza kuharibu plastiki. Pareto tunayo wenyewe, inalimwa Makete, Mufindi na milima ya Mbeya, na maua yake makavu yaliyosagwa yanaua wadudu kweli. Nyunyiza unga wake sakafuni kuzunguka miguu ya rafu, kamwe usiunyunyize ndani ya sanduku. Majani ya mwarobaini ni vivyo hivyo: yakae nje, ndani ya kitambaa, na usitarajie yaue mayai.

Njia inayoua kila kitu, mdudu na yai lake, ni kugandisha. Weka barua au kitabu kikavu ndani ya mfuko mzito wa zipu, ule wa kuhifadhia nyama. Toa hewa, funga, kisha tia ndani ya mfuko wa pili. Uingie kwenye friza ya sanduku yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili kamili. Kile kisehemu cha barafu ndani ya friji ndogo hakifikii baridi hiyo. Ukimwomba mwenye friza ya samaki mtaani, mwelewane mambo mawili: mfuko usiguswe, na umeme ukikatika kwa saa nyingi akuambie, kwa sababu unaanza kuhesabu upya. Wiki mbili zikiisha toa mfuko, uache bila kuufungua saa 24. Jasho litatoka nje ya plastiki badala ya kutoka kwenye karatasi. Usigandishe kaseti, santuri, picha zilizo kwenye kioo, wala kitu chenye rangi iliyopakwa kwa tabaka.

Ukungu, na karatasi zilizoloa

Ukungu mkavu ni unga. Ukungu uliolowa ni matope. Ukiupangusa ukiwa umelowa unausukuma ndani ya nyuzi za karatasi, na doa halitoki tena. Kwa hiyo kausha kwanza. Tandaza karatasi barazani kwenye mkeka uliofunikwa shuka, kivulini, hewa ikipita. Vaa barakoa, maana mapafu yako nayo ni ya ukoo. Zikikauka kabisa, fagia kwa brashi laini mpya ya rangi, ukielekeza vumbi mbali nawe na mbali na karatasi nyingine, kisha fua lile shuka peke yake.

Najua mkono wa kila mtu wa huku unavyokwenda: jua likitoka baada ya mvua, kila kitu kinaanikwa, kuanzia godoro hadi mahindi. Barua usiianike. Jua letu la milimani ni kali kuliko joto lake linavyoonyesha. Wino unafifia, karatasi inajikunja kama jani la mgomba, na picha zilizoshikana zinakauka zikiwa kitu kimoja.

Maji yakiingia una saa 48 hivi kabla ukungu haujaanza. Usifungue karatasi zilizoshikana kwa nguvu. Ziweke bapa, weka karatasi nyeupe ya jikoni isiyo na maua kati ya zile zinazoachana zenyewe, na ubadilishe kila baada ya saa chache. Feni iwashwe lakini isizielekee. Pasi hapana. Zikiwa nyingi kuliko nguvu zako, zitie kwenye mifuko na uzigandishe zikiwa zimeloa hivyo hivyo; hazitapona, lakini zitakungoja hadi upate muda wa kuzikausha chache chache. Picha za karatasi zikiloa pamoja, zitie kwenye beseni la maji baridi safi, ziachanishe taratibu zikiwa ndani ya maji, kisha zikauke zikitazama juu bila kitu kugusa uso wake.

Angalia wino pia. Kalamu za kuchovya na za kujaza wino huchuruzika. Kalamu ya risasi ya kawaida haijali maji. Lakini kuna penseli ya zamani iliyotumika sana maofisini na migodini, ambayo inaonekana ya kijivu na ikipata tone la maji inageuka zambarau na kutapakaa. Ukiona herufi ya kijivu yenye kidoa cha zambarau mahali fulani, barua hiyo isikaribiane hata na kikombe cha chai.

Kusafisha na kunyoosha

Nawa mikono kwa sabuni, kausha, usipake losheni. Hiyo inatosha kwa barua. Glavu za kitambaa zinaonekana za kitaalamu, lakini zinakunyima hisia za vidole na zinachana karatasi iliyochoka. Picha shika pembeni. Glavu weka akiba kwa vyuma.

Ondoa pini, klipu na pini za stepla, kwa sababu kutu inakula karatasi kuanzia hapo. Usizivute. Nyoosha miguu ya pini kwa ncha butu ya kisu cha siagi huku umeweka kipande cha karatasi ngumu chini yake, kisha isukume itoke. Mipira ya kufungia inayeyuka na kuganda. Kata, toa kinachotoka, kilichoganda kiache.

Barua iliyokunjwa miaka hamsini isifunguliwe kwa mkupuo. Fungua kunjo moja, weka kati ya karatasi mbili nyeupe, juu yake ubao na kitabu kizito, iache siku mbili. Kesho kutwa kunjo jingine. Zile karatasi za buluu za barua za ndege, zinazokunjwa zikawa bahasha zenyewe, mara nyingi wenyewe walizichana vibaya wakati wa kufungua kwa haraka ya kupata habari. Vipande hivyo weka pamoja kwenye bahasha moja. Usivibandike kwa selotepu. Selotepu inakuwa ya njano, gundi yake inazama ndani, kisha plastiki inabanduka na doa linabaki. Ikiwa mtu aliibandika zamani, iache. Ukiivuta inaondoka na maneno.

Nalisema tena la leminesheni kwa sababu ndilo linaloua zaidi siku hizi, vyeti vya ubatizo na vya shule vikiwemo. Joto na gundi yake haviondoki. Ukitaka kitu cha kuning'iniza ukutani au cha kushikwashikwa na wajukuu, toa nakala ya rangi, uitie leminesheni hiyo nakala hata mara kumi.

Kufunga

Bahasha za kaki na magazeti vina tindikali. Ukifungia picha kwenye gazeti, baada ya miaka utaona kivuli cha gazeti juu ya picha. Tumia karatasi nyeupe za fotokopi, ambazo nyingi za siku hizi hazina tindikali hiyo. Kunja karatasi iwe jalada, barua moja jalada moja, namba nje kwa penseli. Bahasha yake ya asili, yenye stempu, ikae humo humo. Watu wanachana stempu wampe mtoto anayekusanya; wakichana stempu wamechana na muhuri wa posta, na huo ndio wenye tarehe.

Albamu za kurasa zenye gundi na plastiki ya kufunika, zilizojaa kwenye kila harusi ya miaka ya 1980 na 1990, zinabadilisha rangi za picha. Picha inayotoka kirahisi itoe. Isiyotoka, piga picha ukurasa mzima uiache. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza: nani, wapi, lini, na nani amesema. Hilo la mwisho watu hulisahau. "Shangazi anasema ni Rungwe Misheni" ni habari yenye mwenyewe. "Rungwe Misheni" peke yake ni uvumi uliovaa suti.

Sanduku la bati la zamani bado ni zuri sana, kwa sababu panya na mchwa hawalipiti. Lipanguse kutu, tandika ndani shuka la pamba lililofuliwa bila kutiwa harufu, panga majalada yakiwa yamelala, funika kwa shuka hilo hilo. Kitambaa ndicho kinachonyonya jasho la bati. Vile vipakiti vidogo vinavyokuja na viatu vikijaa unyevu vinakuwa mapambo tu. Afadhali kidude cha kupima unyevu, kinachouzwa bei ndogo kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Ukiona namba inapita 65, fungua sanduku siku ya kiangazi lipumue.

Simu yako ni studio

Meza karibu na dirisha, siku ya mawingu, fleshi imezimwa. Weka barua juu ya kitambaa cheusi, simu iangalie chini sawasawa, na kivuli chako kiwe upande mwingine. Piga mbele, nyuma, bahasha mbele, bahasha nyuma. Hata upande usio na maandishi piga, ili mwenye kusoma baadaye asidhani umesahau. Picha ndogo za studio zipeleke kwenye skana, uombe nukta 600 kwa inchi. Kwa barua, nukta 300 zinatosha. Kaa hapo hapo dukani hadi kazi iishe. Asili haiachwi kaunta.

Jina la faili lijieleze lenyewe: 1958-03_babu_Kitwe_barua07_uk1. Jina kama IMG likifuatiwa na tarakimu nane halitamsaidia mjukuu.

Nakala ziwe tatu, mahali tofauti: moja kwenye kompyuta au simu, moja kwenye diski ya nje, moja kwa ndugu wa mkoa mwingine au mtandaoni. Ukituma kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, maana ukituma kama picha ya kawaida inapunguzwa na herufi ndogo zinakuwa ukungu wa tatu.

Kaseti ni dharura kuliko barua. Wapo walioandikiana kwa sauti miaka ya 1980, na utepe unazidi kuchoka. Tafuta redio nzima, jaribu kwanza kaseti ya nyimbo isiyo na thamani, kisha cheza ile ya ukoo mara moja tu, ukirekodi.

Kusoma, na kujua ni ya lini

Hapa ndipo sanduku linapoanza kusema, na hapa usiwe na haraka.

Barua za wazee zinaanza kwa salamu ndefu: mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Vijana wanaruka hizo wakitafuta "habari". Usiruke. Orodha ya wanaosalimiwa ni sensa ya nyumba. Katika barua za babu mtoto mmoja anasalimiwa kwa jina katika tatu za mwanzo. Ya nne hayumo, na hakuna aliyewahi kutuambia habari zake. Shangazi aliposomewa alinyamaza, kisha akasema alikuwa kaka yao, surua ilimchukua kabla yeye hajazaliwa. Tungekuwa tumezichanganya, au tumetunza "zile nzuri" tu, yule mtoto asingeonekana.

Nakili kila barua kama ilivyo, makosa ya tahajia yakiwemo. Ikiwa ni ya lugha ya nyumbani, andika kwanza lugha hiyo, tafsiri ije chini. "Ugonile" mwanzoni inakupeleka kwa Wanyakyusa, "kamwene" kwa Wahehe na Wabena. Neno usilolisoma weka mabano matupu, usibuni.

Tarehe ikikosekana, bahasha inasaidia. Stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika zilianza 1935, kwa hiyo yenye Tanganyika peke yake ni ama ya kabla ya hapo, ama ya kuanzia Uhuru wa Desemba 1961. Sura ya Mfalme George wa Sita haiwezi kuwa ya kabla ya Desemba 1936. Jina Tanzania lilianza kutumika Oktoba 1964, mwezi ule ule Rhodesia ya Kaskazini ilipokuwa Zambia. Mji wa Broken Hill huko huko Zambia uligeuka Kabwe. Shilingi yetu wenyewe ilitoka 1966, baada ya Benki Kuu kufunguliwa Juni mwaka huo. Anayeandika kwamba atakuja Mbeya kwa treni anaandika baada ya reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Na anwani ya kijiji ikibadilika ghafla katikati ya miaka ya 1970, kumbuka Operesheni Vijiji. Familia huenda ilihamishwa.

Angalia pia barua zilitoka wapi. Wakinga, Wabena na Wahehe wengi walikwenda mashamba ya mkonge kama manamba, wengine Chunya kwenye dhahabu ya Lupa, wengine migodi ya Afrika Kusini kupitia Wenela, shirika lililoajiri vibarua wa migodi hiyo, wengine Burma wakiwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza. Kadi ya kazi yenye namba, hata iliyochakaa, inaweza kukupa mwaka ambao barua haisemi. Rejista za ubatizo za misheni nazo zinafaa sana kulinganishia. Wamoravian walifika Rungwe 1891. Nenda kwa adabu, siku isiyo ya ibada, ukiwa na majina mawili matatu, si ishirini.

Vitu visivyo karatasi

Mkuki na jembe la zamani: piga brashi kavu, kisha futa kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani. Usinoe, usipake rangi. Sarafu za Mjerumani, zile za heller zenye tundu, na bangili za shaba usizing'arishe. Weusi ule ndio ngozi yake, na ukiusugua unaondoa na maandishi.

Kigoda na mpini: futa kwa kitambaa kikavu. Vanishi hapana. Vitundu vya bungua vikiwepo, weka karatasi nyeusi chini yake wiki moja. Unga mpya ukianguka wadudu wako hai, na kitu kidogo kinaweza kugandishwa kama barua. Vikapu vya milulu vya Iringa vivyo hivyo, na usivitundike kwa mkono wake mmoja. Chungu cha Wakisi kishikwe tumboni kwa mikono miwili, kamwe si mdomoni.

Mgolole, kaniki, kitenge cha harusi: kwanza jaribu pembe kwa pamba yenye maji uone kama rangi inatoka. Ikitoka, usifue. Viringisha kwenye shuka jeupe badala ya kukunja, au ukikunja, kila mwaka kunja mahali pengine. Redio ya mbao: toa betri leo, kabla hujamaliza kusoma hapa.

Na jambo moja la sheria. Pembe ya ndovu, ngozi ya chui au simba, hata kama babu aliiacha, ni nyara za Serikali. Kuwa nayo bila kibali ni kosa kubwa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Gobore nalo linahitaji leseni. Pelekeni taarifa wenyewe kabla hamjapiga picha ya kuweka mtandaoni. Mnunuzi anayepita vijijini akitafuta "vitu vya kale" mwambieni arudi baada ya kikao, na kumbukeni kwamba kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali.

Ukoo ukishindwa kutunza, kuna Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, kuna sehemu ya Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa vitu, makumbusho ya Boma Iringa. Mkikabidhi, andikeni masharti na mpate sahihi. Bakini na nakala.

Kila Oktoba

Sanduku lisiguswe mwaka mzima ila mara moja, isipokuwa unyevu umepita ile 65. Chagueni siku, yetu ni Jumamosi ya kwanza ya Oktoba. Unanusa kwanza, kwa sababu pua inajua ukungu kabla ya macho. Unaangalia nyuma ya rafu kama kuna njia ya mchwa, unabadilisha shuka, unahesabu majalada kwa daftari, unafungua faili mbili tatu kwenye diski uone kama bado zinafunguka. Saa moja inatosha. Ufunguo mmoja uko kwa shangazi, mwingine kwangu Mbeya, na wajukuu wawili wanajua ulipo.

Ile ya leminesheni tumeipa namba 19. Hatuijaribii chochote. Kila Oktoba naipiga picha nione doa limefika wapi. Mwaka jana lilikuwa mstari wa saba.